Bomba Lililonuka Chapati

Magunga, Jumamosi 4 Oktoba 1997

Daftari hili ni la binti yangu Beverly. Alichana kurasa nne za mwanzo, akaenda zake shuleni Ndhiwa na daftari jipya, nami siwezi kuona karatasi safi ikienda kufungia sukari. Naandika Kiswahili kwa sababu Kikuria changu hapa hakuna wa kukisoma, na Dholuo nikikiandika mume wangu Job atacheka mpaka aanguke kitini. Miaka kumi na sita nimeolewa huku na bado wananiita Nyar Kuria, binti wa Kuria, kana kwamba nilishuka jana na mzigo kichwani.

Marehemu baba, Mzee Mwikwabe, alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Alikuwa na daftari kama hili, na ukurasa wa mwisho aliuwekea kazi zilizomshinda. Alisema fundi asiyeandika kosa lake atalifanya tena mbele ya watu wengi zaidi. Mimi naziba plastiki: mitungi, mabeseni, ndoo, hata patipati za miguuni zilizokatika. Nina jiko la makaa, visu vitatu na pua yangu, na kutoka hapa mpaka ziwani Kisegi hakuna mwingine. Nimemtii baba, nimeuacha ukurasa wa mwisho. Ni mtupu. Nadhani utabaki mtupu.

9 Oktoba

Mvua. Mitungi minne, beseni moja.

14 Oktoba

Leo mama mmoja ameleta beseni jekundu lililopasuka, na kipande cha mtungi wa njano ili nikitumie kama kiraka. Nikachoma ncha ya kipande, nikanusa. Nikachoma ukingo wa beseni, nikanusa. Nikamwambia hivi havitashikana, hata nikivifunga ndoa kanisani. Akabisha. Nikamzibia anavyotaka, nikamwambia avute. Kiraka kikatoka kama ganda la yai.

Hakuna aliyenifundisha. Mtungi wa maji ukiungua unanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Bomba la kijivu la nyumbani kwa matajiri linachoma koo na kutoa machozi. Nyuzi za nyavu zinanuka nywele zilizoungua. Vya harufu moja vinashikana, vya harufu mbili vinakataana.

"Hiyo pua yako ingepewa mshahara na serikali," akasema Rael.

Rael ni mke wa kaka yake Job. Ananiita nyieka, mke mwenza, kama wanavyoitana hapa wake wa ndugu. Kibanda chake cha chapati kimepakana na changu, na asiponisema mpaka saa nne asubuhi najua anaumwa. Nilipoanza kuringa zaidi akanikatiza: "Pole pole, nyieka. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

22 Oktoba

Fundi wa mradi wa maji, Nicodemus Onsongo, Mkisii mrefu mwenye buti safi kuliko kazi yake, ameleta mtungi wake uvujao. Yeye ndiye anayetunza lile bomba jeusi la inchi mbili linaloleta maji kutoka chemchemi ya milima ya Gwassi hadi zahanati na soko. Alipoona naunusa moshi alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama, unajua kwa nini hiyo inanuka mshumaa?"

"Najua inanuka. Kwa nini ni kazi yako wewe uliyesoma."

Akaketi kwenye ndoo akaniambia. Mtungi na mshumaa ni watoto wa ukoo mmoja; wote siku hizi hutoka kwenye mafuta yanayochimbwa ardhini, yale yale ya petroli na mafuta ya taa na lami ya barabarani. Plastiki ya mtungi, alisema, haikutafutwa na mtu. Kabla ya vita vya pili vya dunia, Waingereza fulani walikuwa wanakandamiza gesi ndani ya mtambo wakitafuta kitu kingine kabisa. Walipofungua wakakuta kitu cheupe kama nta. Wakarudia, hakikutoka. Wakarudia tena, mtambo ukalipuka. Miaka ikapita ndipo wakatambua kilichowasaidia: hewa kidogo iliyoingia, na safari nyingine mtambo wenyewe ulikuwa unavuja.

Nikamwambia arudie hapo.

"Ilikuwa inavuja, mama. Bila hiyo kuvuja pengine wasingejua siri."

Nimecheka mpaka kisu kikapoa. Mimi ninayeishi kwa kuziba vinavyovuja nimejifunza leo kwamba plastiki yenyewe ilizaliwa kwa mtambo uliovuja! Natamani baba angekuwa hai nimwambie.

Nilikuwa nimeungua kidole, napaka vaselini, naye akanieleza na hiyo ilikotoka. Wachimba mafuta wa Amerika walikuwa wakikwangua nta nyeusi iliyoganda kwenye vyuma vya pampu na kujipaka kwenye vidonda. Kijana mmoja mkemia akaichukua, akaisafisha, kisha akazunguka akijichoma na kujikata mbele za watu ili waone inavyoponya. Rael akauliza kama kijana huyo alikuwa na mama wa kumkanya.

Kwa hiyo jambo lilianza kwa wafanyakazi wenye mikono michafu. Mkemia alikuja baadaye. Naliandika hili kwa herufi kubwa kichwani mwangu.

30 Oktoba

Mvua siku ya tano. Job hajaenda shambani. Redio inasema mvua hii ina jina la Kihispania.

6 Novemba

Daraja la kwenda Homa Bay limeondoka. Sukari imekwisha madukani. Makaa yamelowa, nimeziba mtungi mmoja tu kwa saa nzima, na mwenye mtungi akaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mteja anadhani yeye ndiye wa kwanza kuniambia.

11 Novemba

Mlima umeshuka. Tulisikia sauti kama lori linalomwaga mawe, kisha mifereji ya soko ikakohoa na kunyamaza. Nicodemus amepanda na kurudi na matope mpaka kifuani. Udongo umebeba bomba, hatua kumi na mbili hivi. Bomba la akiba analo stoo, la kutosha pengo hilo tu. Asichonacho ni viungio vya kuunganishia, na viungio viko Homa Bay, ng'ambo ya daraja ambalo halipo.

13 Novemba

Kipindupindu. Wamepandishwa watu saba kutoka Kisegi kwa machela za magunia. Zahanati haina maji. Nesi anatuma watu mtoni, na mto ni chai ya maziwa. Wanachemsha kwa kuni mbichi. Mtu mmoja amefariki alasiri, mvuvi, sikumjua jina.

14 Novemba

Sikulala vizuri. Asubuhi nilichukua vipande viwili vya bomba jeusi alivyonipa Nicodemus, nikachoma, nikanusa. Mshumaa! Ni ndugu wa mtungi. Lakini kiraka hakitafaa, maji ya mlima yana nguvu kuliko ya beseni. Nikafikiri: kama ncha mbili zikiyeyuka kwa wakati mmoja, sawasawa, halafu zikabusiana na kupoa zikiwa zimeshikwa, patakuwa na mshono gani tena? Litakuwa bomba moja.

Kisu ni chembamba mno. Nahitaji chuma kipana, kinene, bapa, kinachoshika moto. Nikainua macho, nikakiona kikaango cha Rael.

Kikaango hicho kina miaka kumi na miwili. Hakijawahi kuguswa na sabuni. Kimekunywa mafuta mpaka kimekuwa cheusi kinachong'aa, na chapati huteleza juu yake bila kuombwa. Rael huwa anasema akifa wamzike nacho.

"Kichukue," akasema. "Ila kikirudi na kovu, nyieka, nitakuzaba nacho."

Nilijaribu nyumbani kwa vipande viwili vifupi. Vikashika. Job akaning'inia navyo, vikashika. Nimemwambia Nicodemus, naye amesema kuna mashine ya kazi hiyo hiyo, aliiona picha yake chuoni, yenye sahani ya moto katikati. Nimeitengeneza mashine ya Wazungu kwa kikaango cha chapati. Naliandika hili polepole ili lidumu.

15 Novemba

Walikuja watu zaidi ya mia kule mlimani, na mvua haikuwazuia. Cephas, mwenyekiti wa kamati ya maji, alitoa hotuba. Vijana walishika turubai juu yetu. Nikapasha kikaango, nikakijaribu kwa kipande cha mtungi mpaka kikayeyuka bila kutoa moshi. Nicodemus akakata ncha zikawa bapa. Tukazisukuma kwenye kikaango, huyu huku na huyu kule, mpaka zikayeyuka na kuota midomo. Nikavuta kikaango, wakasukuma, nikahesabu hadi mia tatu. Kiungo cha juu, kisha cha chini. Vilikuwa vizuri! Nilipitisha kidole kuzunguka mdomo wa plastiki na moyo ukanijaa. Koki ikafunguliwa. Kule chini akina mama wakapiga vigelegele, nikavisikia vikipanda mlima, na nikasimama wima kama askari.

Nusu saa. Kisha kiungo cha juu kikafyatuka, maji yakampiga Cephas kifuani pamoja na hotuba yake.

Nilichutama nikakiangalia. Plastiki ikipasuka kwa nguvu huchanika, huacha nyuzi. Hii haikuchanika. Ilikuwa laini, inang'aa kama ulimi. Nikapitisha kidole, kikateleza. Nikanusa.

Bomba lilikuwa linanuka chapati.

Nilijua hapo hapo. Mafuta ya miaka kumi na miwili yalitoka kikaangoni yakapaka ncha zote, na mafuta yakikaa kati hakuna kinachoshikana. Ndiyo sababu yenyewe chapati za Rael huteleza. Vile vipande vya nyumbani vilishika kwa bahati, au havikupata maji ya kuvisukuma. Na harufu hiyo niliisikia nikiwa kazini, naapa niliisikia, nikawaza tu kwamba nina njaa. Pua ninayojivunia!

"Ni nini imeharibika?" Cephas akauliza mbele ya watu wote.

Nikasema, "Ni mvua. Maji yaliingia."

Ndivyo nilivyosema.

Cephas akanitazama kutoka juu hadi chini, kisha akatangaza kuwa bomba si beseni, na kwamba hakuna mtu wa kuligusa tena mpaka viungio vije. Nicodemus alisema polepole kwamba bomba la juu lina ulegevu wa kukatwa mara moja tu zaidi. Baada ya hapo halitafika. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

16 Novemba

Sina la kuandika.

17 Novemba

Rael hakunisema leo asubuhi. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa.

Nilimkuta zahanati, sakafuni kwenye mkeka, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Alianza jana mchana na hakumwambia mtu. Dripu zimebaki tatu kwa wagonjwa kumi na mmoja. Wengine ni wa kunyweshwa maji ya chumvi na sukari kikombe baada ya kikombe, na maji hayapo. Nesi alikuwa anakamua kitambaa juu ya sufuria ya maji ya mto, anachuja matope, analia bila kusimamisha mikono.

"Nyieka," Rael akasema. "Kikaango yangu iko wapi?"

"Kiko kwangu."

"Ilikataa?"

Nikainama nikamwambia sikioni yote. Mafuta, harufu, na uongo wa mvua. Nikamwambia kitashika tu kikisuguliwa mpaka chuma cheupe, na kikisuguliwa hivyo si kikaango chake tena.

"Yawa, Nyar Kuria," akasema. "Unaniuliza kuhusu mafuta, na mimi nataka maji?"

Nilikimbia. Mimi mwenye miaka arobaini na moja, nikakimbia sokoni bila viatu. Nikamkuta Cephas na Nicodemus kwenye baraza la stoo pamoja na wanakamati, nikasema nikiwa nahema. Nimesema uongo. Haikuwa mvua, ilikuwa mimi. Kikaango kilikuwa na mafuta nami sikukisafisha, na nilijua tangu Jumamosi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kimekuja kuwaumbua watu wengine badala yangu.

Cephas akaniangalia. "Siku mbili, mama."

"Siku mbili," nikasema.

"Na sasa tukuamini kwa nini?"

Kabla sijajibu Nicodemus akachukua kile kipande kilichofyatuka, akakipitisha kwa wanakamati mmoja mmoja wanuse. Mzee Ryoba, Mkuria mwenzangu anayeuza ng'ombe, alinusa mara mbili akasema, "Kweli, ni chapati."

"Kosa inayojulikana inaweza kurekebishwa," Nicodemus akasema. "Mwenyekiti, mimi naweka jina langu kando ya yake."

Nilikisugua kikaango kwa majivu, mchanga na jiwe. Nilikipasha mpaka kikatoa moshi, nikakisugua tena. Miaka kumi na miwili ilitoka ikiwa nyeusi mikononi mwangu. Nilikuwa nalia na sikuona haya. Kilipokuwa cheupe nilikifuta kwa shati safi la Job la kanisani, kitambaa kikatoka bila doa, nikakinusa. Hakikunuka kitu, chuma tu. Mikono yangu niliifunga kwa vitambaa vikavu nisiguse ncha, maana vaselini ya vidole vyangu ni mafuta vilevile.

Saa tisa tulikuwa mlimani. Hakuna hotuba safari hii, watu sita tu na turubai. Tukaukata upande wa juu, tukaukata na wa chini ingawa ulikuwa bado umeshika, maana ulikuwa na dhambi ile ile. Cephas mwenyewe alishika bomba. Nilipovuta kikaango, plastiki iling'ang'ania chuma, ikavutika, nikajua inataka kushika. Wakasukuma. Nikahesabu mia tatu, nikaanza upya nikahesabu mia tatu nyingine, na Cephas alihesabu pamoja nami kwa Dholuo, bila kuachia.

Tulifungua koki robo. Nusu. Yote. Tukakaa kwenye matope tukitazama viungo viwili kama watu wanaotazama mtoto aliyelala.

18 Novemba

Vimeshika.

19 Novemba

Vimeshika. Rael amekunywa vikombe ishirini na viwili, nimevihesabu. Amemwambia nesi sindano yake ni butu.

24 Novemba

Rael ametoka. Wagonjwa wapya wawili tu. Waliofariki tangu mwanzo ni watano, na wawili kati yao ni wa zile siku mbili zangu. Nesi anasema wale walifika wakiwa wamechelewa. Pengine. Sitajua, na sitajifanya najua.

Nimefungua ukurasa wa mwisho. Nimeandika: *Kikaango chenye mafuta. Nilisikia harufu nikaipuuza. Niliulizwa nikasema ni mvua.* Nimeweka tarehe na jina langu lote, Rispa Mwikwabe.

9 Desemba

Barabara imefunguliwa. Viungio vimefika kutoka Homa Bay, vipya, ndani ya karatasi ya nailoni. Cephas akamwuliza Nicodemus lini atakata viungo vyangu aweke vya kiwandani. Nicodemus akasema mtu hakati bomba zima. Ameviweka stoo, vingoje.

Kisha akaja kibandani, akavua kofia, akaomba daftari. Nilidhani anataka kusoma ile siku ya tarehe kumi na saba, nikamfungulia hapo kwa furaha. Akafunua mpaka mwisho.

"Naomba kunakili huu, mama. Kuna mafundi wenzangu Homa Bay na Migori. Ile ya kushika wataona kwa macho. Hii ndiyo hawataiona."

Alinakili mistari yangu mitatu kwa mwandiko wa shule, na jina langu chini. Hao Waingereza waliandika kwamba mtambo wao ulivuja, ndiyo maana leo tuna mitungi. Wangesema ni mvua, je? Nimekaa na wazo hilo mchana kutwa. Nimelipenda, na limeniuma.

20 Desemba

Siku ya soko. Beverly yuko nyumbani kwa likizo, anasoma daftari hili bila ruhusa na kusahihisha nukta zangu.

Rael amefungua kibanda kwa mara ya kwanza tangu augue. Amekonda, sauti haijakonda. Kamati ya maji ilimnunulia kikaango kipya, kizito, chenye mpini wa mbao. Amempa mkwewe.

Aliweka kile cha zamani motoni, kikiwa cheupe kama sahani ya altareni, akatandaza chapati ya kwanza. Ikanata. Akaikwangua vipandevipande. Ya pili ikanata. Ya tatu ikatoka nusu. Wateja walikuwa wamesimama wakingoja, na nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia achukue kipya, tafadhali, nitamwomba mkwewe akirudishe.

Rael akainua chapati iliyochanika juu ya uma ili wote waione.

"Mnaona vile imeshika?" akawaambia. "Hii ndiyo kikaango ilishika bomba yenu. Mwenye anataka chapati laini aende Ndhiwa. Mwenye amekunywa maji hapa, apange laini."

Wakapanga, mpaka nje ya kibanda, wakala vipande. Mimi nilipewa kipande cha kwanza, kilichoungua chini, na Rael alisimama juu yangu mikono kiunoni mpaka nikakimaliza chote.